Yaya Ananiita Kule Chini

Kwa Mama Kahambu, mushauri mupendwa wa gazeti letu,

Nakusalimu kwa heshima, mama, na ninaomba msaada wako nikiwa nimesimama, kwa sababu siku hizi siwezi kukaa chini, na utaelewa kwa nini ukinisoma mpaka mwisho. Jina langu ni Perpétue, nina miaka ishirini na sita, wazazi wangu ni watu wa milima ya Masisi, lakini mimi ninaishi hapa Goma, Murara, na bwana yangu Léopold ambaye ni masoni, anajenga nyumba za mawe. Kuandika nilifundishwa na masista nikiwa musichana, kwa hiyo maneno haya ninayaandika kwa mukono wangu na hakuna mutu mwingine anayeyajua.

Nilikuwa na dada mukubwa, Séraphine, mimi nilimuita yaya. Bwana yake Harelimana alikwenda kutafuta kazi Uganda akapotelea huko, basi yaya akaja kukaa kwetu na mutoto wake musichana, Donatille, ambaye sasa ana miaka minne, na tuliishi vizuri, kwa sababu yaya alikuwa mutu wa kucheka, alikuwa anaimba akitwanga, na akisahau maneno ya wimbo anatia majina ya majirani na makosa yao, mpaka hata Léopold, ambaye si mutu wa maneno mengi, alikuwa anacheka peke yake kule shantiye anakojenga akikumbuka.

Katika kiangazi, mwezi wa saba, asubuhi moja tulikwenda kukata majani ya mbuzi karibu na shamba letu upande wa barabara ya Sake, kule ambako moto wa mulima ulipita zamani za wazee ukaacha mawe meusi na mashimo kati ya mawe. Sisi watu wa hapa tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka katika ardhi na kulala ndani ya mabonde madogo, haina rangi, haina harufu, na anayeishukia harudi, tangu utoto tunaambiwa musishuke shimoni kabla upepo haujaamuka. Tulijua, mama. Lakini shimo lile tulilipita mara nyingi na halikuwa limeua hata panya, halikuwa refu sana, kimo cha mutu na nusu hivi, na majani yake yalikuwa mabichi wakati kila mahali palikuwa pamekauka, na mbuzi wetu jike alikuwa ametutangulia, amelala katikati na majani bado mudomoni, macho wazi, ungesema anapumzika. Yaya akasema, "Tazama huyu muvivu." Akashuka.

Mimi nilibaki juu na Donatille mugongoni, kwa sababu njia ilikuwa imemuchosha. Mpaka leo ninaona: vipepeo vilikuwa vimelala mule chini, vingi, vyeupe, vimetandaza mabawa kama maua yaliyoanguka, nikajiuliza kwa nini haviruki, na lile wazo halijafika mwisho yaya akainama kushika kamba ya mbuzi, akainama zaidi kama mutu anayetafuta sindano, akapiga magoti, akageuza uso wake kwangu. Hakulia. Hakukohoa. Alikuwa na uso wa mutu anayetaka kukuuliza kitu kidogo. Kisha akajilaza kwa ubavu karibu na mbuzi, polepole, kama mutu anavyojilaza katika kitanda chake, na hakufunga macho.

Nilianza kushuka. Nilisikia kama maji ya uvuguvugu yananipanda kwenye vifundo vya miguu, lakini hapakuwa na maji, halafu magoti yakawa si yangu, na hapo mutu akanishika kwa nyuma kikwembe nilichojifunga. Alikuwa Habarurema, muchungaji wa ng'ombe, alikuwa anapita na ng'ombe zake, akanivuta mpaka kikwembe kikapasuka, nikaanguka juu ya mawe na mutoto juu yangu. Nilimupiga, nilimuuma mukono aniachilie. Hakuniachilia. Akakaa juu ya miguu yangu, muzee muzima, analia na kusema, "Amekwisha kwenda, mama. Amekwisha kwenda." Watu wakafika mbio, lakini hakuna aliyeweza kumutoa mpaka upepo wa mchana uje, basi tukakaa pale juu tunamutazama, na yeye anatutazama. Nzi walikuja juu ya uso wake. Na wao wakalala.

Tulimuzika, padri akasali, watu wakarudi kwao. Mimi ndipo taabu yangu ilipoanza.

Nikiinama kupuliza moto pumzi inakatika na ninasikia ule uvuguvugu kwenye vifundo, basi nikamuomba Léopold anijengee jiko la mawe la kufika kiunoni, akajenga, majirani wanacheka. Siwezi kuona mutu anasinzia. Siku moja Léopold alitoka kazini akakaa kwenye kiti, kichwa kikamuangukia kifuani, na mimi nikamupiga kofi mbele ya wageni nikipiga kelele, "Amuka! Amuka!" Donatille ninamuamusha kila akifumba macho, mpaka mutoto amekonda, anatembea kama muzee.

Kisha sauti ikaja. Si ndoto ya usiku, mama. Ni mchana, jua limesimama na majirani wanatwanga. Mara ya kwanza nilikuwa nyuma ya nyumba karibu na shimo tunamofukia ndizi ziive, nikasikia yaya ananiuliza toka chini, kwa sauti yake ya kila siku, "Perpétue, umetia chumvi?" Nikajibu, "Bado." Nilijibu kabla sijakumbuka. Tangu ile siku inatoka kila mahali palipo chini, katika mutungi, katika mufereji wa maji ya mvua, uvunguni, na inauliza mambo ya nyumba tu, ufagio uko wapi, mutoto amekula, na kusema ukweli sikuwa ninaogopa sana, nilikuwa ninaingojea, kazi yote ninafanya polepole nisije nikaifunika kwa kelele. Lakini tangu mvua zianze haiulizi tena. Inasema, "Shuka kidogo unisaidie."

Na mutoto naye. Donatille amejifanyia mutoto wa maganda ya ndizi, anamuweka katika kishimo, halafu yeye mwenyewe analala kwa ubavu kando yake, macho wazi, bila kupepesa, muda murefu. Nikimuuliza anacheza nini anasema, "Tunacheza mama." Nikamuambia Léopold. Akasema jina la Séraphine lisitajwe tena katika nyumba hii, na mutoto apelekwe Rutshuru kwa mama ya Harelimana, kwa sababu mufu amemushika. Shangazi ya Léopold naye akaleta mupfumu, mutu wa kupiga ramli, akatazama, akasema lazima nipeleke kuku mweusi na nguo zote za yaya nizitupe katika lile shimo kwa mukono wangu. Padri yeye ananiambia nisali na nisahau. Ninasali. Sisahau.

Sasa neno lenyewe. Semene iliyopita, siku saba hivi zilizopita, nilikuwa shambani ninapalilia maharagi, mawingu yalikuwa chini, hakuna upepo hata wa kutikisa jani la mugomba, nikageuka, Donatille hayuko. Nilijua alikokwenda. Nilimukuta ukingoni mwa shimo amelala kwa tumbo, kidevu juu ya mikono, anaongea kwa adabu kama anavyoongea na mutu mukubwa: "Ndiyo, mama. Ndiyo. Nitamuambia." Nikamukamata. "Utaniambia nini?" Akasema, "Mama anasema kule chini hakuna kuchoka."

Mutu mwenye akili angemubeba akakimbia, si ndiyo? Sikukimbia. Nilikaa. Mara ya kwanza tangu mwezi wa saba nilikaa chini, miguu yangu ndani ya shimo, na ule uvuguvugu ukanipanda, na sikuogopa, nilisikia raha, mama, nilikuwa nimechoka sana, na sauti ikasema karibu kabisa, "Ni hapa tu, Perpétue." Nikatelemusha muguu mumoja mpaka ukagusa majani. Ninakuambia kwa sababu hujui uso wangu. Nilikuwa ninakwenda. Kisha Donatille akanivuta sikio, ndivyo anavyofanya akitaka kitu, akasema, "Mama mudogo, niko na njaa." Nikasimama, nikamubeba mpaka nyumbani, nikamupikia viazi.

Niambie, Mama Kahambu, mimi nina kichaa? Nimutoe mutoto aende Rutshuru, mbali na mimi na lile shimo? Nipeleke kuku? Au ninyamaze kama bwana yangu anavyotaka mpaka ipite? Na kama ni yaya kweli, ninawezaje kuacha kumuitikia?

Ni mimi,
Perpétue, Murara, Goma


JIBU LA MAMA KAHAMBU

Perpétue mutoto wangu,

Pole. Pole sana. Ninaisema kwanza, kwa sababu sasa nitakugombeza na sitaki usahau kwamba nilianza na pole.

Leo, si kesho, ukimaliza kusoma hapa, mukalishe bwana yako na umuambie habari ya ule muguu. Si habari ya mutoto, si habari ya mupfumu. Ule muguu. Umeniambia mimi ambaye sijui uso wako, ukamuficha mutu anayekujengea jiko la kiunoni bila kuuliza maswali! Siri ya namna hiyo mutu haikai nayo peke yake katika nyumba. Na shamba lile musiende wawili peke yenu tena, wewe na mutoto, hata maharagi yakioza. Muombe jirani muende wengi, au yaache.

Umeuliza kama una kichaa. Mwenye kichaa hajiulizi. Umeona dada yako anakufa mbele yako na hukuweza kumugusa. Mwili wako umekumbuka, na bado unakulinda na shimo ambalo haliko jikoni kwako. Ni kama mbwa aliyechapwa, kila fimbo kwake ni ile fimbo. Huyo mbwa hafukuzwi. Anazoezwa. Basi muambie Léopold aondoe safu moja ya mawe katika lile jiko, moja tu. Pika hapo. Ukiona pumzi inarudi, aondoe nyingine. Ukishindwa, ngoja semene moja, ujaribu tena. Majirani wacheke, kucheka hakuzuii chakula kuiva.

Sasa sauti. Padri atakuambia hivi, mupfumu atakuambia vile, na mimi sijafa bado, kwa hiyo sijui wafu wanasema nini. Lakini nimezaa. Na ninakuuliza wewe uliyemujua: Séraphine, yule aliyekuwa anaimba makosa ya majirani, alikuwa mama wa kuita mutoto wake afe? Mama gani anafanya hivyo? Jibu. Basi anayesema "shuka" si yeye. Yule wa chumvi, labda. Yule muache aulize, ni dada yako, amebaki ndani yako na shughuli zake. Lakini huyu mwingine amevaa sauti yake kama mwizi aliyevaa koti la mwenye nyumba. Akija mulangoni unamujua kwa kitu kimoja: yaya yako alikuwa anakuomba ufanye kazi, huyu anakuomba uache.

Nitakuambia jambo ambalo mpaka leo sikuwa nimeliandika katika gazeti. Nikiwa kijana, kwetu Lubero, surua ilinichukulia watoto wawili. Baada ya kuwazika nilikuwa ninawasikia wanakohoa chini ya kitanda. Mchana, kama wewe. Nikaacha kutoka, nikaacha kupika, nililala sakafuni sikio chini nipate kusikia vizuri. Jirani yangu Ernestine akaja, akakaa, halafu akasema, "Ninawasikia pia." Alidanganya au hakudanganya, mpaka leo sijui. "Wanakohoa," akasema. "Leta mutama tusage." Nikamutukana. Akaleta mutama wake mwenyewe. Tukasaga. Walikohoa, tukasaga. Akarudi kesho yake na siku nyingi baada ya hapo, na sikupona siku yoyote ninayoweza kukuonyesha kwa kidole, lakini siku moja nilitambua kwamba unga ni mwingi na ninafikiri nani nimugawie. Watu wanaongea juu ya moyo wa nguvu kama ni kitu wengine wamezaliwa nacho. Mimi ninajua huo tu: kusikia, na kusaga.

Na wewe unao. Umeandika mwenyewe na hukuona. Ulikuwa na muguu mumoja ndani, mutoto akasema ana njaa, ukasimama. Nani alikusimamisha? Hakuwa Habarurema siku hiyo. Hakuna aliyekuvuta kikwembe.

Kwa hiyo Donatille haendi Rutshuru. Mutoto aliyepoteza mama usimupokonye wa pili. Mucheze naye ule muchezo wake! Ndiyo, hata kama unakutisha. Aliona akiwa mugongoni mwako, hana maneno, anasema kwa maganda ya ndizi. Kaa karibu, na yule mutoto wa maganda akishawekwa katika kishimo, muulize, "Na nani anakuja kumutoa?" Muache afikiri. Jibu lake litakuambia yuko wapi. Na umuache alale, Perpétue. Usingizi si mazuku. Muwekee mukono kifuani ukitaka kujua kama anapumua, lakini usimuamushe.

Nguo za Séraphine usizitupe popote. Hakuna mutu wa kusogelea lile shimo kwa ajili ya kuku mweusi, na shangazi akikasirika mupe yule kuku amupike. Lakini mumutafute Habarurema. Asubuhi moja, upepo haujaamuka, yeye na Léopold na wanaume wa mutaa wafunge majani makavu kwenye muti murefu, wayawashe, wayashushe mule. Wewe na mutoto musimame mbali, juu, ambako munaona. Muangalie moto unafanya nini. Kisha mchana upepo ukija, Léopold alizungushie ukuta.

Na wewe Léopold, najua utasomewa haya. Ulikataza jina la mufu kwa kumupenda muke wako, sikulaumu sana. Lakini jina ukilifukuza mezani linakwenda kukaa chini ya meza. Litaje. Utaona muke wako anapumua.

Mama Kahambu


Barua ya pili ya Perpétue, iliyotufikia mvua zilipokuwa zinakwisha

Mama Kahambu,

Nilikasirika na jibu lako, nikalificha chini ya unga siku mbili, halafu nikamusomea Léopold lote. Nikafika pale pa muguu. Akatoka nje. Nilifikiri amekwenda kwa shangazi. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba ameshika ukuta wake mwenyewe kama mutu aliyelewa, na aliporudi akasema, "Séraphine." Basi, jina tu. Kisha akasema, "Nililikataza kwa sababu nikilisikia ninataka kucheka, zile nyimbo zake, na nikaona haya, mutu anamuchekaje mufu?" Tukacheka, mama. Tulicheka vibaya sana, na kilio ndani yake.

Tulikwenda kule shimoni na watu wa mutaa. Habarurema ndiye aliyeushusha ule moto. Nilikuwa juu ya jiwe kubwa na Donatille mikononi, na niliuona: haukuzimwa kama upepo unavyozima. Uliachana na majani, ukasimama peke yake juu yao kidogo, ukapotea. Na moshi haukupanda. Ulitandaa juu ya kitu tusichokiona, laini, kama maziwa juu ya maji, na ukazunguka polepole pale ambapo yaya alilala. Ng'ombe zilikuwa mbali, na zenyewe ziligeuza vichwa.

Donatille akasema, "Mama ameuzima."

Nilisikia watu wote wananitazama. Nikamuambia, "Hapana. Mule hakuna mutu, ni hewa mbaya tu, inaua hata moto. Mama yako tulimuzika kule kwa kanisa. Unataka nikuonyeshe?" Akafikiri. Akasema anataka. Tulitembea mpaka kaburini, akauliza kama mama anasikia baridi ya udongo, nikasema sijui, akavua kitambaa chake cha kichwa akakitandika pale. Mchana, upepo ulipokuja, Léopold na wenzake walijenga ukuta, na sasa umefika kifuani. Habarurema anasema ng'ombe zake hata hivyo zinakataa kupita kwa upande ule.

Siku mbaya bado ziko. Iko siku moja niliganda mbele ya mufereji mpaka jirani akaja kunishika mukono. Iko sauti, ile ya "shuka". Ikija ninaiambia kwa nguvu, watu wasikie, "Niko na kazi," na ninaifanya ile kazi. Jiko limebaki safu mbili. Ule muchezo wa maganda, nilimuuliza Donatille ulivyonifundisha, nani anakuja kumutoa yule mutoto, na kwa siku nyingi alisema, "Hakuna." Kisha akasema, "Yule muzee wa ng'ombe." Kisha juzi akamutoa yeye mwenyewe, akamupangusa udongo, akamufunga mugongoni.

Jana tulikwenda ziwani kufua. Nilipomaliza nilikaa chini kwenye mawe, Donatille akaweka kichwa juu ya paja langu na jua lilikuwa kali, na macho yake yakafumba, si sana, nyeupe ya jicho ilionekana kidogo. Mukono wangu ulitoka wenyewe kumutikisa. Nikauzuia. Nikauweka kifuani pake, ukawa unapanda na kushuka pamoja na pumzi yake. Hapakuwa na upepo, maji yalikuwa yametulia kabisa, na toka chini, katikati ya mawe, nikasikia yaya ananiuliza kwa sauti yake ya kila siku, ya polepole, kama mutu aliyesimama mulangoni:

"Amelala?"

Nikasema, "Ndiyo, yaya. Amelala. Nyamaza usimuamushe."

Akanyamaza.